Makosa Arobaini na Moja

Karani aliingia karakana bila hodi, gunia la glavu begani, akalitua juu ya kiti cha gari ambacho Fundi Viti ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukivika ngozi.

"Fundi, hizi zinatakiwa Alhamisi jioni," alisema. "Ijumaa orodha inapelekwa ofisi ya ligi, Jumamosi timu inasafiri."

Fundi Viti aliliondoa gunia kwanza, akakipangusa kile kiti kwa kiganja, ndipo akalifungua. Kila msimu timu ya wasichana ya softiboli ilimletea glavu azishone, na kila msimu alizishona bila kudai kitu, kwa sababu mrushaji wa timu alikuwa binti yake mkubwa. Alizitoa moja moja, akazipanga sakafuni. Zilikuwa kumi na nne. Ile ya kahawia aliyoitia kiraka kwa mkono wake mwenyewe haikuwamo.

"Ya binti yangu haijaja," alisema.

"Zimekuja zote." Karani alijifanya anachunguza dari. Alikuwa amestaafu ofisi ya masijala, na mpaka leo alizungumza kama mtu aliye upande wa pili wa dirisha. "Kamati imechagua kumi na wanne, Fundi. Binti yako hayumo. Orodha iko mlangoni kwa Mwenyekiti tangu asubuhi, nilidhani umeiona."

"Hayumo kwa nini?"

"Makosa. Tumeyahesabu katika daftari la mwalimu. Msichana anayemfuata kwa ubaya ana ishirini na sita. Wako ana arobaini na moja." Aliitamka namba ile taratibu, kama anayesoma mita ya maji. "Mwaka jana wazazi mlilalamika kwamba tunapendelea. Mwaka huu tumekwenda kwa takwimu. Hesabu haina shemeji."

Fundi Viti alirudi kuzihesabu glavu.

"Wahenga walisema kosa moja haliachi mke," Karani aliendelea, tayari akicheka. "Lakini arobaini na moja, Fundi, hata wewe ungeandika talaka." Alicheka peke yake mpaka mlangoni. "Alhamisi. Usiniangushe."

"Sawa," alisema Fundi Viti.

Neno hilo ndilo lililomkaa kooni mchana kutwa. Si arobaini na moja. Ni ile sawa.

Jioni alimkuta mkewe barazani, anamaliza kumsuka mteja wa mwisho, na binti yao ndani, ameinamia beseni la vyombo. Uwanjani binti huyu aliitwa Kombeo. Katika softiboli mrushaji hatupi mpira kutoka juu ya bega. Huuzungusha mkono mzima kama anayezungusha kombeo, akauachia mpira chini ya kiuno. Mkono wa binti huyu ulipozunguka, wapigaji wengi walibaki kupunga upepo kwa gongo. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mwaka huu ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika timu ya vijana. Mwakani angekuwa mtazamaji kama watazamaji wengine.

Mteja alipokwisha kuondoka, mkewe alianza kuokota nywele zilizoanguka.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

Mkewe aliacha kuokota. "Baba watoto, mwanao anatupwa nje kama maji ya vyombo, nawe unasema sawa. Na glavu zao umezipokea."

"Kazi ni kazi."

"Kazi hailipwi, kazi ni kazi. Haya."

Kutoka ndani, Kombeo alisema bila kugeuka, "Wameshanipa jina jipya. Naitwa Arobaini na Moja. Nilikwenda kununua sabuni, hata muuzaji ananiambia, Arobaini na Moja, chukua sabuni yako. Wale niliocheza nao miaka mitatu, wamelitungia wimbo."

Fundi Viti alisogea hadi mlangoni. Siku nzima alikuwa na swali moja, na alijua kwamba ni swali baya, lakini mtu akishalitafuna neno siku nzima, litatoka tu.

"Mwanangu, lakini kweli ulikuwa unakosea?"

Kombeo aliiweka sahani juu ya nyingine polepole, bila mlio. Afadhali angeivunja.

"Hata wewe, baba," alisema.

Mkewe aliingia kati. "Maneno hayo hayatusaidii. Nenda kwa Mwenyekiti, umwangukie. Umemshonea mpaka viti vya gari lake. Kuinama si kuvunjika mgongo."

"Kuomba sitakwenda," alisema Fundi Viti. "Nitakwenda kuona. Arobaini na moja ni kitu kinachohesabika. Wanipe daftari, nami nihesabu."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi ya Jumanne alimwonyesha Fundi Viti ndoo ya rangi iliyofunikwa, akae. Akamhudumia aliyetaka misumari, akamhudumia aliyetaka bomba, kisha akamhudumia mwanamke aliyefika baadaye kabisa na ambaye hakununua kitu, aliuliza tu bei ya bawaba. Fundi Viti alikaa juu ya ndoo, magoti karibu na kidevu, akisalimiwa na watu wanaoingia kwa ule upole wanaopewa wafiwa.

Mwishowe aliitwa nyuma ya duka. Karani alikuwapo, daftari mbele yake.

"Kusoma unajua?" aliuliza Mwenyekiti.

"Najua."

"Si tusi, Fundi. Nauliza tu."

Daftari lilikuwa na mistari ya wino wa bluu na mwandiko safi wa mwalimu. Kila msichana alikuwa na ukurasa wake. Katika ukurasa wa Kombeo, mechi baada ya mechi, mlikuwa na herufi moja tu inayojirudia: K, K, K. Fundi Viti alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Zilikuwa arobaini na moja kweli. Lakini tisa kati ya hizo zilikuwa zimegeuka, zinatazama nyuma, kama K iliyosomwa kwenye kioo.

"Hii K ni nini?"

"Kosa," alisema Mwenyekiti.

"Mwalimu ndiye aliyewaambia?"

"Fundi, Kiswahili hakinishindi. Kosa linaanza na herufi gani?"

"Hata kiti kinaanza na hiyo," alisema Fundi Viti. "Hata kamati."

Karani alikohoa. Mwenyekiti hakulipenda jibu lile.

"Na hizi zilizogeuka?"

"Hizo ni makosa makubwa," Karani alieleza. "Mwalimu alikuwa ameudhika, mkono ukapinda. Mimi nilipendekeza kila moja tuihesabu mara mbili. Mwenyekiti akasema hapana, tumhurumie mtoto."

Fundi Viti alizitazama tena. Mguu wa kila herufi ulikuwa umekaa juu ya mstari sawasawa, zilizogeuka na zisizogeuka. Yeye ni mtu wa mishono. Aliujua mkono wenye hasira, na mkono wenye hasira hauweki mshono hivi mara tisa. Alifungua kurasa nyingine. Za wasichana kumi na wanne waliochaguliwa hazikuwa na K hata moja. K nyingine zilikuwa katika ukurasa wa mrushaji wa pili, mjukuu wa Mwenyekiti. Ishirini na sita.

"Hawa wengine hawakukosea hata mara moja? Msimu mzima?"

"Ndiyo maana wamechaguliwa," alisema Karani.

"Glavu zao ziko kwangu. Saba zimechanika kwenye ncha za vidole. Mpira uliodakwa vizuri hauchani ncha, unachimba katikati. Wasichana saba wameugonga mpira kwa vidole msimu mzima, na mwalimu hakuona kosa?"

"Wewe ni fundi wa viti," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya chini. "Kaa kwenye viti."

"Nitakaa. Niambie kitu kimoja kwanza. Waliokuwa wakirusha mpira ni wawili tu, na wote wawili mmewatoa. Jumamosi atarusha nani?"

"Atapatikana. Kurusha ni mkono, nani hana mkono?"

"Kwa nini hamkumuuliza mwalimu? Kuuliza si ujinga."

"Mwalimu amejifungua wiki iliyopita. Sisi ni watu wenye utu, hatumsumbui mzazi kwa habari za mpira. Daftari tulilipokea dirishani, basi." Mwenyekiti aliegemea mbele, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa macho ya mtu aliyechoka. "Unadhani mimi sina moyo? Nimemkata mjukuu wangu, damu yangu. Amelia siku mbili. Bibi yake ananiwekea chakula bila kunisemesha. Lakini njia nzima watu wananishika mkono, wananiambia, Mwenyekiti, wewe ni mtu wa haki. Sasa wewe unataka nirudi nyuma nikawaambie nini?"

Fundi Viti alilifunga daftari, akalisogeza kwake.

"Uwaambie ulivyosoma," alisema.

Alirudi nyumbani kabla ya saa ya kufunga karakana, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alichukua chaki ya kukatia ngozi, akaandika K juu ya kipande cheusi, na pembeni yake akaandika nyingine iliyogeuka. Akamwita binti yake.

"Umewahi kuona mwalimu akiandika hii?"

"Mimi nilikuwa narusha, yeye anaandika. Daftari lilikuwa halitoki mkobani." Kombeo aliinama, akaitazama ile ya pili. "Lakini hii... Siku ile tulipocheza na timu ya upande wa pili wa reli, kulikuwa na msichana mrefu, anatamba. Nikamrushia wa kwanza akakosa, wa pili akakosa, wa tatu akaganda. Hakuinua hata gongo. Mwamuzi akamwambia toka. Mwalimu alicheka, akaandika kitu huku akiugeuza mkono hivi." Alipinda kifundo cha mkono. "Nikadhani anacheza."

Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikwenda kuchukua mtandio.

"Wanaume ndio wanaoogopa kumsumbua mzazi," alisema. "Twende."

Mwalimu aliwapokea akiwa amejifunga kanga, mtoto begani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Fundi Viti alieleza habari yote akitazama ukuta. Alipofika kwenye neno kosa, mwalimu alianza kucheka, akashika tumbo, akasema msinichekeshe, mshono unauma, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Wamewakata wote wawili?"

"Wote wawili."

"K ni mpigaji aliyetolewa," alisema mwalimu. "Karushiwa mitatu, kashindwa yote, kaenda kukaa. Hiyo ndiyo alama yake katika mchezo huu, dunia nzima wanaiandika hivyo. Mrushaji akiwa nazo nyingi, ndiye unayemtaka. Na hizi zilizogeuka, mpigaji hata hakuthubutu. Alisimama, mpira ukapita, akatolewa amesimama. Hizo ndizo tamu kuliko zote." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Makosa ya wadakaji mimi sikuyaandika kabisa. Nilisema bado wanajifunza, nisiwavunje moyo."

Alimpigia Mwenyekiti simu papo hapo, wote wakisikia. Alieleza polepole, kama anavyoeleza darasani. Sauti ya upande wa pili ikasema, "Pumzika, mwalimu. Lea mtoto. Sisi tumeshafunga," na simu ikakatwa.

Njiani mama alitangulia. Fundi Viti alipunguza mwendo ili awe sambamba na binti yake.

"Jana nilikuuliza swali baya," alisema.

"Ndiyo."

"Nimekosa."

Kombeo alitembea hatua kadhaa. "Hilo ni moja tu, baba," alisema. "Umebakiza arobaini."

Alhamisi mkewe alimwambia asizipeleke zile glavu. "Waache Jumamosi wadake kwa vikoi." Fundi Viti alimalizia mshono wa mwisho, akaukata uzi kwa meno. Alisema akizizuia, watu watakumbuka glavu, watasahau daftari. Akazipakia zote kumi na nne.

Uwanjani wazazi walikuwa wamejaa, maana ndiyo siku ya kugawa sare. Fundi Viti alimkabidhi kila msichana glavu yake mkononi, mmoja mmoja, na kila mmoja alisema asante fundi. Wachache walinong'ona Arobaini na Moja, na wachache wakacheka. Kombeo alisimama pembeni na mama yake na kusikia.

Katikati ya uwanja kamati ilikuwa inatafuta mrushaji. Msichana wa kwanza alirusha mpira ukatambaa. Mpira wa msichana wa pili ulimgonga mwenzake aliyekuwa kwenye foleni ya sare. Wa tatu, mrefu, mwenye mabega, aliuzungusha mkono kwa nguvu zote na mpira ukaruka uzio ukaangukia barabarani, dereva mmoja akapiga honi.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipomwita Fundi Viti nyuma ya bomba la maji, na mkewe na binti wakafuata.

"Ligi inaruhusu wachezaji kumi na sita," alisema Mwenyekiti, haraka, kama anayeuza kitu cha wizi. "Nitawaongeza hawa wawili. Tutatangaza kwamba kamati imewaonea huruma, kwa kuwa ni watoto wetu. Hakuna haja ya kuelezana mambo ya herufi. Jambo liishe kimya kimya, tusivuane nguo mbele za watu."

Mkewe alimvuta Fundi Viti mkono wa shati. "Kubali," alinong'ona. "Jina likishaingia limeingia. Mengine tutayasema nyumbani."

Na Fundi Viti, aliyeapa kwamba haombi, alijikuta ameshusha pumzi. Alikuwa amechoka. Hakulala vizuri tangu Jumatatu. Lile lililokuwa likitakiwa lilikuwa limefika, limefungwa vizuri katika karatasi mbaya, na kazi iliyobaki ilikuwa kunyoosha mkono. Alifungua kinywa aseme sawa.

"Sitaki," alisema Kombeo.

"Hutaki kucheza?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kucheza nataka. Huruma sitaki. Makosa yangu mliyabandika mlangoni, mji mzima ukasoma. Kwa hiyo mkayasome hapa, mbele ya hao hao."

"Binti, usiwe na kichwa kigumu. Ukikataa hii, utabaki."

"Nitabaki. Nanyi mtakwenda na nani?"

Kule uwanjani mpira uliruka uzio tena. Msichana aliyekuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya saruji karibu na bomba alinyanyuka, akajipangusa sketi, akaja akasimama ubavuni mwa Kombeo. Alikuwa mjukuu wa Mwenyekiti.

"Na mimi huruma sitaki, babu," alisema. "Zangu ni ishirini na sita. Usome na hizo."

Mwenyekiti alimtazama mtoto wa mwanawe. Alikuwa ametegemea machozi, kwa kuwa machozi alishayazoea wiki hii. Hakukuwa na machozi. Aligeuka, akatembea hadi kwenye meza ya sare, akapiga meza kwa kiganja mpaka watu wakanyamaza.

"Kamati ilisoma vibaya," alisema. Alisubiri, kana kwamba labda hayo yangetosha. Hayakutosha. "K si kosa. K ni mpigaji aliyetolewa na mrushaji. Hawa wawili wanarudi. Karani, soma daftari, ukimaliza andika majina yao."

Karani alifungua ukurasa wa Kombeo. "K," alisoma, kwa sauti ya dirishani.

"Maana yake?" aliuliza Kombeo.

"Amemtoa."

"Nani amemtoa nani?"

Karani alimtazama Mwenyekiti, asione msaada. "Mrushaji amemtoa mpigaji," alisema. "K. Amemtoa. K. Amemtoa."

Kwenye ya saba, wale waliotunga wimbo walikuwa wanazichunguza glavu zao zilizoshonwa upya. Kwenye ya kumi na tano, mama mmoja nyuma alianza kuhesabu kwa sauti, na wengine wakamfuata, kwanza kwa mzaha, halafu bila mzaha. Kwenye ya ishirini na tisa koo la Karani lilikauka.

"Na kadhalika," alisema, akaanza kufunua ukurasa.

"Hakuna na kadhalika," alisema Fundi Viti. Sauti yake ilifika mpaka kwenye uzio, naye mwenyewe ikamshangaza. "Mlipohesabu makosa hamkuandika na kadhalika. Rudi hapo."

Karani alirudi. Alisoma thelathini. Alisoma thelathini na tano. Mkewe Fundi, aliyekuwa amemsihi akubali, sasa alikuwa mbele kabisa, mikono kiunoni, akimchunga Karani asiruke mstari. Walipofika arobaini uwanja mzima ulikuwa unahesabu, kisha ukanyamaza, maana Karani alikuwa amekwama.

"Hii ya mwisho imegeuka," alisema. "Zile nane zilizogeuka nimezisoma kama nyingine tu, ila hii ndiyo ya kufungia. Inasomwaje?"

"Hiyo mpigaji hakuinua gongo," alisema Kombeo. Hakuwa anamtazama Karani. Alikuwa anamtazama Mwenyekiti. "Alisimama tu, akautazama mpira ukipita."

"Niseme hivyo?"

"Sema hivyo hivyo."

Karani aliinua daftari karibu na uso, akasoma hivyo hivyo, kwa sauti, hata wale wa mwisho kabisa karibu na barabara wakasikia.